De Morgan, Bingwa wa Kukanusha

Mimi namstahi sana Augustus De Morgan. Alizaliwa Madurai, Bara Hindi, mwaka wa 1806, akapoteza jicho moja angali mchanga. Huko Cambridge alikosa shahada ya uzamili kwa kukataa kutia sahihi masharti ya dini. Je, wewe ungekataa? Hata hivyo, mwaka wa 1828 akawa profesa wa hisabati London, akiwa na miaka 21 tu!

Tukiambiwa Juma ana kalamu na daftari, wengi wetu hukanusha kwa kusema hana chochote. La hasha! Akikosa kimoja tu, kauli imeanguka. Ikiwa ni kalamu au daftari, hapo ndipo lazima akose vyote. Kanuni hizo zaitwa kwa jina lake, na katika maswali ya kuchagua jibu zanifaa kwelikweli.

Mwaka wa 1866 alijiuzulu, alipoona chuo kimemkataa mwalimu kwa ajili ya dini. Alifariki 1871.