Karoli Lwanga na Maji ya Munyonyo

Kila ifikapo tarehe 3 Juni Wakristo wengi huenda Namugongo, nchini Uganda, kuwakumbuka Mashahidi. Kwa sisi wa Arusha njia ni ya Namanga na Nairobi. Habari za moto wa Namugongo tumezisikia tangu shule ya Jumapili. Habari za maji yaliyoutangulia moto ule hazisimuliwi sana, nazo zinagusa swali ambalo kila mwalimu wa darasa la ubatizo huulizwa: mtu aliyemwamini Kristo akafa kabla hajabatizwa, hali yake ni ipi?

Karoli Lwanga alizaliwa Buganda, yapata mwaka 1860. Alikuwa kijana mwenye nguvu, hodari wa mieleka, akatumika katika nyumba ya Kabaka Mwanga pamoja na Yosefu Mukasa Balikuddembe, kiongozi wa Wakatoliki pale ikulu. Mapadre wa White Fathers walikuwa na utaratibu mgumu uliowekwa na Kardinali Lavigerie: mafundisho ya miaka 4 kabla ya ubatizo. Nimefundisha maisha yangu yote, nami nauheshimu utaratibu huo. Lakini mauti hayangoji darasa lifungwe.

Oktoba 1885 Askofu wetu James Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga. Yosefu Mukasa alimkemea Kabaka kwa tendo lile, naye akauawa tarehe 15 Novemba. Siku hiyo hiyo Lwanga alikwenda kwa mapadre akabatizwa. Tangu hapo akawa ndiye mlezi wa vijana wa ikulu, akiwakinga na Kabaka aliyewataka kwa mambo machafu.

Tarehe 25 Mei 1886, huko Munyonyo, Mwanga aligundua kwamba kijana wake mmoja anafundishwa dini. Akamchoma mkuki yule aliyemfundisha, Denis Ssebuggwawo, na malango yakafungwa. Padre hakuweza kuingia. Usiku ule Lwanga akachukua maji akawabatiza vijana 4 waliokuwa bado katika mafundisho: Kizito, wa miaka 14 hivi, na Gyavira, na Mugagga, na Mbaga Tuzinde. Mbatizaji mwenyewe alikuwa na miezi 6 tu tangu abatizwe, wala hakuwa na daraja lo lote. Je, ubatizo huo ulikuwa halali? Kanisa Katoliki linafundisha kwamba wakati wa lazima mtu ye yote aweza kubatiza, mradi atumie maji, ataje jina la Utatu, na akusudie lile linalokusudiwa na Kanisa. Mafundisho haya yana mizizi katika Afrika yetu: Agostino wa Hippo, akiwajibu Wadonato, alieleza kwamba ubatizo ni mali ya Kristo, si mali ya mkono unaomimina maji.

Lakini alikuwako mwingine, Mukasa Kiriwawanvu. Huyu alikuwa kifungoni kwa ugomvi wake na Gyavira. Alipotolewa akajiunga na wenzake waliohukumiwa, akapatana na Gyavira, akaenda nao Namugongo. Maji hakuyapata kamwe. Siku ya Kupaa kwa Bwana, tarehe 3 Juni, alikufa pamoja nao. Lwanga walimtenga na kumchoma peke yake, polepole, wakianzia miguuni.

Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza Wakatoliki 22 kuwa watakatifu, na Kiriwawanvu yumo. Kanisa linalofundisha kwamba ubatizo ni wa lazima kwa wokovu limemweka madhabahuni mtu asiyebatizwa kwa maji! Wataalamu wake walikwisha kutayarisha njia. Thomas wa Aquino alieleza ubatizo wa maji, wa damu na wa Roho. Na Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulitaja maji au hamu ya kuyapata. Hata hivyo padre mmoja wa Boston, Leonard Feeney, alishikilia kwamba pasipo maji hakuna wokovu. Roma ilimsahihisha mwaka 1949, na mwaka 1953 akatengwa na Kanisa kwa kukataa kutii. Kwa maoni yangu hakukosea kuyaheshimu maji. Alikosea kuuweka usomaji wake juu ya wote waliomtangulia. Mwanateolojia hueleza imani aliyoipokea. Haitungi.

Katika mahubiri ya siku ile ya 1964 Papa aliwataja pia Waanglikana waliokufa kwa jina la Kristo. Orodha yetu ina majina 23. Mwaka 1969 alipozuru Uganda alifika hata mahali petu pa ukumbusho pale Namugongo.

Na Mwanga? Waingereza walimwondoa katika kiti chake, wakampeleka Shelisheli. Huko alibatizwa kwa maji, katika Kanisa letu la Anglikana, akaitwa Danieli. Alifariki mwaka 1903.