Sokoine: Miezi 14 iliyowatikisa walanguzi

ALHAMISI ya Aprili 12, 1984, sauti ya Mwalimu Julius Nyerere ilisikika kupitia Redio Tanzania Dar es Salaam. Rais hakuzungumza kwa ule wepesi ambao wananchi walikuwa wamemzoea. Alitangaza kwa majonzi kwamba Waziri Mkuu, Edward Moringe Sokoine, amefariki dunia kwa ajali ya gari eneo la Dumila mkoani Morogoro, akitoka Dodoma kwenye kikao cha Bunge kurejea Dar es Salaam. Alikuwa na umri wa miaka 45.

Mtu aliyeliliwa siku ile alikuwa ameshika uwaziri mkuu, kwa awamu yake ya pili, kwa muda usiotimia miezi 14. Ni miezi hiyo, zaidi ya kazi zake nyingine zote, iliyomfanya akumbukwe mpaka leo na watu ambao hata hawakuwa wamezaliwa alipofariki.

Sokoine alizaliwa Agosti 1, 1938 huko Monduli, katika jamii ya Wamasai. Wakati ule watoto wengi wa rika lake walikuwa wakichunga ng'ombe, na shule ilionekana kuwa jambo la wageni. Yeye alisoma Monduli, kisha akaendelea na sekondari Umbwe, mkoani Kilimanjaro, hadi mwaka 1958. Mwaka 1961, nchi ilipopata uhuru, alijiunga na TANU, na muda mfupi baadaye akapelekwa Ujerumani Magharibi kusomea utawala. Aliporudi alifanya kazi ya utendaji katika wilaya ya Masai, na mwaka 1965 wananchi wa huko wakamchagua kuwa mbunge wao akiwa na umri wa miaka 27 tu.

Kutoka hapo alipanda ngazi kwa kasi. Mwaka 1967 aliteuliwa kuwa naibu waziri, mwaka 1970 akawa waziri kamili, na mwaka 1972 akakabidhiwa Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Februari 1977, siku chache baada ya TANU na ASP kuungana na kuzaa CCM, Mwalimu alimteua kuwa Waziri Mkuu badala ya Rashidi Kawawa, ambaye naye alihamia Ulinzi.

Awamu hiyo ya kwanza ilikuwa ya misukosuko. Mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, na magari ya mashirika ya umma na ya watu binafsi yakakusanywa kupeleka askari na chakula mstari wa mbele. Kampala ilianguka Aprili 1979, lakini ushindi ule uliiacha hazina ikiwa tupu, huku bei ya mafuta duniani ikiwa imepaa. Novemba 1980 Sokoine aliondoka madarakani kwa sababu za afya, na nafasi yake ikachukuliwa na Cleopa Msuya.

Aliporejeshwa Februari 24, 1983, alikuta nchi ya foleni. Sukari, sabuni, mafuta ya kula, vitenge na hata dawa ya meno viliadimika. Katika maduka ya kaya bidhaa ya bei ya serikali ilikuwa haionekani, ilhali ile ile ilipatikana uchochoroni kwa bei ya kuruka. Mwananchi wa kawaida hakuhitaji mchumi wa kumweleza kuwa kuna mtu anayefaidika na dhiki yake.

Mwishoni mwa Machi 1983 serikali ilianza msako. Katika wiki chache zaidi ya watu 1,000 walikamatwa nchi nzima, wakiwamo wafanyabiashara wakubwa na watumishi wa mashirika ya umma. Wengine, kwa hofu ya kukutwa na shehena, waliitupa usiku, na asubuhi wapita njia wakaokota vitu ambavyo walikuwa hawajaviona dukani kwa miezi mingi. Mitaani jina la Sokoine likawa tishio kwa mlanguzi na faraja kwa aliyepanga foleni.

Lakini msako ulianza kabla ya sheria. Sheria ya hujuma za uchumi ilipitishwa na Bunge baadaye, ikarudishwa nyuma ili iwafunike waliokwisha kukamatwa. Watuhumiwa walipelekwa mbele ya baraza maalumu badala ya mahakama za kawaida. Hawakuruhusiwa wakili, dhamana wala rufaa. Na wavu uliotandazwa kwa ajili ya papa ulinasa dagaa pia: mwenye kiduka na mchuuzi waliwekwa kundi moja na tajiri wa magendo. Mwaka huo huo ikaja sheria ya Nguvu Kazi, na wakazi wa mijini wasioweza kuonyesha kazi inayotambuliwa wakasombwa kupelekwa mashambani. Wanaomsifu Sokoine mara nyingi huliruka jambo hili, na si haki kuliruka. Isitoshe, walanguzi walikuwa zao la uhaba kuliko kuwa chanzo chake. Viwanda havikuwa na malighafi, na kiduka kilichofungwa hakikuzalisha mche hata mmoja wa sabuni.

Kwamba yeye mwenyewe hakuwa kipofu wa jambo hilo kunaonekana katika hatua nyingine ya 1983, iliyopita bila kishindo. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lilikuwa limeelemewa, na wafanyakazi wakichelewa kazini kwa kukosa basi. Chini ya serikali yake watu binafsi waliruhusiwa kubeba abiria jijini kwa leseni. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala mitaani, na magari hayo yakapata jina la daladala. Kiongozi yule yule aliyewafukuza wachuuzi vichochoroni aliwafungulia mlango wenye magari, tena katika nchi ya Azimio la Arusha.

Baada ya Aboud Jumbe kujiuzulu Januari 1984, wengi walimtazama Sokoine kuwa ndiye mrithi wa Mwalimu. Dumila ikayakatisha hayo. Gari lake liligongana na gari lililoendeshwa na mkimbizi wa Afrika Kusini wa chama cha ANC. Maelezo ya serikali yalikuwa, na yamebaki, kwamba ilikuwa ajali, ingawa minong'ono haijakoma. Alizikwa kwao Monduli Juu, na Salim Ahmed Salim akateuliwa kushika nafasi yake.

Juni mwaka huo bajeti iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na maduka yakaanza kujaa. Julai chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro kilianza kikiwa na jina lake. Kabla mwaka haujaisha, sheria ya hujuma za uchumi ilifutwa na nyingine ikatungwa, na kesi za namna ile zikarudishwa mbele ya majaji wa Mahakama Kuu.