Mzee Benjamin Jesty, Mfugaji wa Ng'ombe wa Maziwa

Miongoni mwa wafugaji wa kale twamkumbuka Benjamin Jesty wa kijiji cha Yetminster, katika wilaya ya Dorset, Uingereza. Wasichana wawili waliomkamulia walikuwa wamepata zamani ndui ya ng'ombe, ugonjwa mdogo tu. Kisha wakawauguza jamaa zao wenye ndui yenyewe, wasidhurike. Naye Jesty alikwisha kuugua hiyo ya ng'ombe.

Hata mwaka 1774 ndui ikaingia kijijini. Jesty hakujihofia nafsi yake, bali mkewe Elizabeth na watoto. Akawachukua mpaka malisho ya Chetnole, kwenye ng'ombe wagonjwa. Akatwaa usaha wa kiwele kwa sindano ya kufumia soksi, akawachanja mikono mkewe na wana wawili, wa miaka 3 na 2. Watoto hawakupata taabu, lakini mkono wa mama ulivimba vibaya hata maisha yake yakahofiwa. Twaweza kuwaza hali ya mume siku zile! Akapona. Walakini masokoni watu walimzomea Jesty na kumtupia vitu, wengine wakidhani jamaa yake wataota pembe.

Miaka 22 baadaye Daktari Jenner alichanja vivyo hivyo, akasifiwa, Bunge likampa fedha nyingi. Jesty aliitwa London mwaka 1805 tu; akakataa kununua nguo za fahari, akaenda na zake za shamba. Huko akatunzwa visu viwili vya kuchanjia vilivyopambwa dhahabu, na sura yake ikachorwa.

Alifariki tarehe 16 Aprili 1816, mwenye miaka 79, akazikwa penye kanisa la Worth Matravers, alikohamia uzeeni. Elizabeth aliishi miaka 8 zaidi, naye amelala kando yake.