Jenerali wa Ngomeni

Mataifa makubwa yanaendelea kuyapanga upya majeshi yao kwa ajili ya anga za juu. Marekani iliunda jeshi la pekee la kazi hiyo mwaka 2019, Ufaransa ikalibadilisha jina jeshi lake la anga mwaka 2020, na Uchina ikavunja kikosi kimoja mwaka 2024 ili kuunda kingine. Msomaji wa Malindi au Kilifi asidhani mambo haya yako mbali naye. Yale majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini huko Ngomeni, katika ghuba ya Ungwana, yaliwekwa na mwanajeshi aliyeshughulika na suala hilohilo miaka sitini iliyopita, naye alikuwa pia mhadhiri.

Luigi Broglio alizaliwa Mestre, karibu na Venice, mwaka 1911. Alipanda katika jeshi la anga la Italia hadi cheo cha jenerali, huku akifundisha uhandisi katika Chuo Kikuu cha Roma. Warusi waliporusha setilaiti ya kwanza mwaka 1957 na Wamarekani wakawafuata, Italia haikuwa na roketi ya kuingia nayo katika mashindano hayo. Broglio hakudai jeshi jipya. Aliwakusanya wahandisi wa jeshi, wahadhiri na wanafunzi katika kituo kimoja, kilichomilikiwa kwa pamoja na jeshi la anga na chuo kikuu. Mwaka 1962 Italia ikapatana na NASA: Wamarekani watoe roketi aina ya Scout pamoja na mafunzo, Wataliano waunde setilaiti na kuirusha kwa mikono yao. Ya kwanza waliirusha wakiwa Marekani, tarehe 15 Desemba 1964.

Kisha wakaja kwetu. Ngomeni iko karibu na Ikweta, ambapo mzunguko wa dunia huipa roketi inayoelekea mashariki msukumo wa bure wa kilomita zipatazo 1,670 kwa saa, na mbele yake ni bahari tupu ya kupokea mabaki. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ikapaa kutoka hapo, ikiwa na mizani aliyoibuni Broglio mwenyewe ya kupima uzito wa hewa ya juu.

Mimi mwanaisimu huvutiwa zaidi na iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970. Ilikuwa ya Wamarekani, ikirushwa na Wataliano, na kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba ya kujitawala, ikapewa jina Uhuru. Ndiyo iliyokuwa setilaiti ya kwanza kuundwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota. Hadi leo wanajimu wa Tokyo na Boston huziita nyota kadhaa kwa namba zinazoanza na 4U. U hiyo ni ya neno letu, na sidhani wengi wao wanajua.

Neno tulitoa, ufundi haukubaki. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa Ngomeni, na hakuna hata moja iliyokuwa ya Kenya. Simlaumu Broglio, aliyefariki Januari 2001: aliitumikia nchi yake. Nauliza tu kwa nini upande wetu hakutokea wa kuwaketisha wanajeshi na wahadhiri meza moja. Shirika la Anga la Kenya, lililoanzishwa mwaka 2017, liko chini ya Wizara ya Ulinzi, na hilo halinitishi, mradi milango ya vyuo vikuu isifungwe. Kisetilaiti cha Chuo Kikuu cha Nairobi cha mwaka 2018 kiliundwa kwa ushirikiano na chuo kilekile cha Broglio. Lakini Taifa-1, ya tarehe 15 Aprili 2023, ilibidi isafirishwe hadi California ikarushwe huko, ilhali kule Ngomeni roketi ya mwisho kupeleka setilaiti iliondoka Machi 1988.