Septimius Severus: Mtoto wa Libya aliyekuwa Kaisari wa Roma

Wadau, juzi kafe tulibishana na mshkaji mmoja mpaka dakika zangu zikaisha. Yeye anasema Roma haijawahi kutawaliwa na Mwafrika. Mimi nikasema ilitawaliwa, tena karibu miaka 18. Sikumaliza, kwa hiyo namalizia hapa.

Jamaa anaitwa Septimius Severus. Kazaliwa mwaka 145 Leptis Magna, mji wa bandari kwenye pwani ya Libya ya leo. Enzi hizo ulikuwa ndani ya jimbo la Kirumi lililoitwa Africa. Ndiyo, jina hilo hilo, lilikuwa la jimbo kabla ya kuwa la bara zima. Watu wake walikuwa mchanganyiko: Walibya wenyeji, Wafoinike waliohamia kutoka pwani ya Lebanon, halafu Warumi wakaja kuwatawala wote. Ukoo wa baba yake ulikuwa wa hao Wafoinike, na Kipuniki ndo lugha ya nyumbani. Inasimuliwa kwamba lafudhi ya kwao haikumtoka mpaka uzeeni. Dada yake alipomtembelea Roma, Kilatini chake kibovu kikamtia kaka mtu aibu, akampa zawadi na kumrudisha kwao. Kila aliyehamia mjini anaielewa hiyo.

Mwaka 193 askari walinzi wa Kaisari walimuua Pertinax, wakaunadi utawala kama mtumba! Tajiri Didius Julianus akashinda mnada. Severus, gavana wa Pannonia ya Juu huko mto Danube, akashuka na jeshi lake. Kabla hajaingia Roma, mnunuzi kashauawa. Wale walinzi akawafukuza wote.

Msidhani alikuwa malaika. Aliwaua maseneta 29 kwa kumuunga mkono mpinzani wake. Ila kwao hakusahau: Leptis ilipata uwanja mpya wa mji, bandari kubwa, na msamaha wa kodi ya ardhi.

Alifia York, Uingereza, mwaka 211, akipigana na watu wa Scotland. Mwaka uliofuata mwanae Caracalla akawapa uraia wa Roma karibu watu huru wote wa himaya.

Alikuwa mweusi? Kuna picha yake ya kuchorwa, iko Berlin, ina ngozi ya kahawia. Mimi nasema Mwafrika kwa kuzaliwa, rangi bishaneni kwenye maoni hapo chini. Na wewe mshkaji ukisoma hii, zile dakika unanilipa.