Adrien Atiman: Aliyenunuliwa Jangwani, Akatumwa Karema

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika Ziwa Tanganyika, tumezoea kuisimulia kwa habari za pembe za ndovu, wapagazi wa Kinyamwezi na watumwa waliofungwa makongwa. Mnamo mwaka 1888 alipita katika njia hiyo kijana Mwafrika aliyeelekea bara, huku watumwa wakiwa wameteremshwa pwani kwa miaka mingi kwa njia ileile. Hakuwa amefungwa, ijapokuwa utotoni alipata kufungwa. Huyo ni Adrien Atiman, daktari na katekista wa Karema.

Alizaliwa mnamo mwaka 1866 hivi, kando ya Mto Niger, si mbali na Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Akiwa bado mtoto alinyakuliwa na Watuareg, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Mwaka 1876, huko Metlili kusini mwa Algeria, Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha.

Nakiri kwamba hapo husita kila ninaposimulia maisha yake. Mtoto wa miaka kumi angejuaje kwamba safari hii ananunuliwa ili awe huru? Aliona fedha zikitolewa tena kwa ajili yake, na tena akaondoka na watu asiowajua, wa lugha asiyoielewa. Neno ukombozi, ambalo sisi hulitamka kwa wepesi katika sala zetu, kwake lilianza likiwa limefanana mno na biashara iliyomtenga na mama yake.

Tofauti ilidhihirika baadaye, tena polepole. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo na Askofu Mkuu wa Algiers, alikataza wanashirika wake wasiharakishe ubatizo. Alirudisha desturi ya Kanisa la kale ya ukatekumeni wa muda mrefu, miaka minne kwa jumla. Wapo waliomwona mkali kupita kiasi, hasa huku kwetu ambako watu walikuwa wakifa kabla ya muda huo kwisha. Lakini mtazame Atiman. Mwenye kumiliki mtumwa hahitaji kumngojea. Humvuta kwa kamba. Mungu ambaye kijana huyu alifundishwa habari zake alimtamani kuliko bwana yeyote, na bado alikubali kungojea jibu lake. Shauku ya Mungu kwa mwanadamu ni ya namna hiyo: ni kubwa kiasi cha kulipa gharama yote, lakini haigeuki kuwa umiliki. Yeye ataka rafiki, na rafiki hapatikani kwa kamba. Alipobatizwa alipokea jina la Adrien, na jina la Atiman akabaki nalo mpaka kufa.

Lavigerie alikuwa ameanzisha katika kisiwa cha Malta, mwaka 1881, taasisi ya kuwalea vijana Waafrika waliokombolewa ili wawe madaktari na makatekista. Atiman alisomea udaktari huko. Mwaka 1888, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili hivi, alitumwa Afrika ya Mashariki pamoja na wamisionari. Pwani, mwaka huohuo, vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilizuka. Tabora nako hapakuwa na utulivu: mtemi Isike wa Unyanyembe hakuwapenda wamisionari, na mwaka 1889 walilazimika kuiacha Kipalapala, mahali ambapo vizazi vingi vya mapadre wetu vilikuja kulelewa baadaye.

Mwaka huo wa 1889 Atiman alifika Karema. Hapo palikuwa na ngome iliyojengwa na Wabelgiji na kukabidhiwa Mapadre Weupe mwaka 1885. Wengi katika watu wa kwanza wa misheni ile walikuwa wamekombolewa utumwani, wakiwamo watoto wasiojua tena kwao ni wapi. Waliletwa kwa daktari ambaye hawakuhitaji kumweleza maana ya kuuzwa.

Alikaa hapo miaka 67. Asemaye haraka hauoni uzito wake. Aliwakuta Wajerumani wakianza kutawala, akawaona wakiondoka, akaishi chini ya Waingereza karibu mpaka mwisho wa utawala wao. Dawa za Ulaya zilichelewa au hazikufika, naye akajifunza mitishamba ya wenyeji na kuitumia pamoja na aliyojifunza Malta. Udaktari haufanyiki kwa umati: huyu ana kidonda, yule ana homa, na kila mmoja lazima atazamwe usoni na kuulizwa jina. Mchana alitibu, na katekisimu akafundisha. Wamisionari wengi walikuja wakafa au wakahamishwa, Atiman alibaki.

Hakuwa padre wala mtawa. Nalisema hili kwa makusudi, kwa kuwa wapo waamini wanaodhani urafiki wa ndani na Mungu umewekwa kwa ajili yetu tuvaao kanzu. Alimwoa Agnes Wansahira, wakamzaa Joseph, aliyepewa daraja takatifu ya upadre mwaka 1923, miongoni mwa mapadre wazalendo wa kwanza wa nchi hii. Mtoto aliyetengwa na wazazi wake Niger alimtoa mwanawe mwenyewe kwa Kanisa, safari hii bila mtu kumnyang'anya.

Katika uzee wake aliandika habari za maisha yake, nazo zikachapishwa mwaka 1946. Alikufa Karema mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka tisini hivi, akazikwa huko huko, kati ya watu aliowatibu, watoto wao na wajukuu wao.