Picha ya Kwanza Baada ya Vita

Marehemu ami yangu alipigana Burma mwaka 1944 pamoja na askari wengine wa Afrika Mashariki. Alirejea Mombasa mzima wa viungo, lakini mlango ukibamizwa alikuwa akishtuka na kutetemeka, na usiku tulimsikia akipiga mayowe usingizini. Wazee walisema ana pepo, wakamfukiza ubani. Leo madaktari wanaijua hali hiyo na wameipa jina; sisi wakati ule hatukuwa nalo.

Namkumbuka ami kila niitazamapo picha moja ya watoto wawili iliyopigwa na Mmarekani aitwaye W. Eugene Smith. Basi msomaji, keti kidogo nikupe habari zake.

Smith alizaliwa Wichita, katika jimbo la Kansas, mwaka 1918. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto alikwenda kwenye visiwa vya Bahari ya Pasifiki, si kwa bunduki bali kwa kamera. Alipiga picha Saipan, Iwo Jima na Okinawa. Hakutafuta picha za ushindi. Huko Saipan alimpiga picha askari aliyempakata mtoto mchanga aliyejeruhiwa, naye yu taabani. Nia yake ilikuwa kila atazamaye avichukie vita.

Mwezi wa Mei 1945, huko Okinawa, kombora lilipasuka karibu naye. Vipande vya chuma vikamchoma mkono wa kushoto, uso na kinywa. Alipasuliwa mara nyingi, na kwa muda wa kama miaka miwili hakuweza kufanya kazi yake. Jeraha la mwili lilikuwa na dawa, lakini lile la moyoni nani angelifunga bendeji? Hakuwa na hakika kama ataweza kushika kamera tena.

Siku moja ya mwaka 1946 aliamua kujaribu. Aliwafuata mwanawe na binti yake walipokwenda kutembea msituni karibu na nyumbani. Kuitia filamu tu ndani ya kamera kulikuwa mateso kwa mkono ule mbovu. Lakini alikuwa amejiwekea sharti: picha ya kwanza baada ya vita isiwe ya maiti wala ya moshi, iwe ya uhai. Watoto wakatangulia, wakafika mahali miti inapoachana na mwanga unapoingia. Smith akabonyeza. Tunawaona kwa nyuma, wadogo, wakitoka gizani kuingia nuruni. Mwaka 1955 picha hiyo iliwekwa mwisho kabisa katika maonyesho makubwa ya The Family of Man mjini New York, yaliyokuwa na picha 503 kutoka nchi 68.

Waswahili husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Smith alirudi kazini, na mwaka 1948 akatoa habari ya picha juu ya daktari wa kijijini huko Colorado, ambayo hadi leo wapiga picha hujifunza kwayo.

Lakini sitaki kukudanganya, msomaji. Kamera haikumponya kabisa. Maumivu hayakumwacha, ulevi ulimtesa, na nyumba yake ilivunjika. Hata hivyo aliendelea kuwaelekea wenye kuumia. Mwaka 1971 alikwenda Minamata, Japani, ambako zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda cha Chisso iliwalemaza wavuvi na watoto wao. Mwaka 1972 alipigwa vibaya akiwa katika kazi hiyo, macho yake yakadhurika. Kitabu chake juu ya mji huo kilitoka mwaka 1975. Alifariki Tucson, Arizona, tarehe 15 Oktoba 1978, akiwa na umri wa miaka 59.

Siku hizi Marekani na Uingereza wako askari wastaafu wanaopewa kamera kama sehemu ya matibabu. Asiyeweza kusimulia kwa ulimi husimulia kwa picha, na jicho lililozoea kutafuta hatari hujifunza upya kutafuta mwanga.

Ami yangu hakupewa kamera, wala hakuna aliyemwuliza aliyoyaona Burma. Mimi nami sikumwuliza, na hilo ndilo linaloniuma. Ikiwa nyumbani kwako yuko mtu aliyerudi kimya kutoka vitani, usingoje. Kaa naye, umsikilize.